Azimio 1325 na meza za amani: mwanamke ni mjumbe au ni mwalikwa?

Mdadisi wa Mambo (mwanzisha uzi)

Salaam, wanajukwaa. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 1325, lililozitaka nchi wanachama ziwape wanawake nafasi zaidi katika kuzuia vita, kusuluhisha na kulinda amani, na ziwakinge na ukatili wa kingono wakati wa mapigano. Hadi mwaka 2019 yalikuwa yamefuata maazimio mengine 9 juu ya suala hilohilo, na nchi zaidi ya 100 zimekwisha kuandika mipango kazi ya kitaifa, Denmark ikiwa ya kwanza mwaka 2005.

Sasa tazameni mezani. UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya wanawake, ilipochunguza michakato mikubwa 31 ya amani kati ya mwaka 1992 na 2011, ilikuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 2 tu ya wasuluhishi wakuu, asilimia 4 ya waliotia saini na asilimia 9 ya wajumbe wa mazungumzo. Mwaka 2024, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Afghanistan ulipofanyika Doha na Taliban wakahudhuria, wanawake wa Afghanistan hawakuwamo katika vikao vikuu. Robo karne ya makaratasi imetufikisha hapo. Dai langu ni kwamba azimio hili lilizaliwa bila meno na halitaota meno kamwe. Anayepinga na aje na ushahidi.

Ngumi Jiwe

Umesema kweli tupu. Azimio 1325 halikupitishwa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, sura ambayo ndiyo inayoruhusu vikwazo na matumizi ya nguvu. Nchi isiyoandika mpango kazi haifanywi chochote, na inayouandika na kuuweka kabatini vilevile haifanywi chochote. Isitoshe, jambo hili lote lilibuniwa na nchi tajiri ili ziwe na la kuzihubiria nchi zenye vita.

Bi Kumbukumbu

Ndugu Ngumi Jiwe, nusu ya kwanza ya hoja yako nitaiacha, lakini nusu ya pili naomba niirekebishe kabla haijasafiri mbali. Aliyekalia kiti cha urais wa Baraza mwezi huo wa Oktoba 2000 alikuwa Namibia, na ni Namibia iliyolipeleka suala hili mbele ya Baraza. Miezi mitano kabla, mjini Windhoek, palikuwa pametolewa Azimio la Windhoek kuhusu kuingiza masuala ya jinsia katika operesheni za kulinda amani. Waziri wa masuala ya wanawake wa Namibia wakati huo alikuwa Netumbo Nandi-Ndaitwah, ambaye mwaka 2025 aliapishwa kuwa rais wa nchi hiyo. Tukirudi nyuma zaidi, suala la wanawake na vita lilikuwa mojawapo ya maeneo 12 ya Jukwaa la Utekelezaji la Beijing la mwaka 1995, katika mkutano wa dunia wa wanawake ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania. Na wanawake waliokusanyika The Hague mwaka 1915 kudai usuluhishi wa vita ya kwanza ya dunia hawakutumwa na serikali yoyote, na serikali nyingine ziliwazuia wasisafiri. Nchi tajiri zimelidandia gari hili, sikatai, lakini si zilizoliwasha.

Ngumi Jiwe

Nimekubali kurekebishwa, Bi Kumbukumbu, na ahsante. Meno, hata hivyo, bado hayajaonekana.

Mkalimani Mstaafu

Nimekaa katika vibanda vya ukalimani kwa miaka mingi, na mazungumzo ya amani kadhaa yamepita masikioni mwangu. Sitayataja ni yapi, kwa kuwa kazi yetu ina kiapo chake. Niruhusuni nieleze jinsi ukumbi unavyokaa, maana naona wengi tunaizungumza meza bila kuwahi kuiona.

Pande zinazopigana hukaa mezani, kila mjumbe na kipaza sauti chake chenye taa nyekundu. Nyuma yao hukaa washauri. Ukutani, kwenye viti visivyo na meza, hukaa waangalizi, na katika mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi hapo ndipo walipokuwa wanawake wote isipokuwa makatibu. Walipewa vitambulisho vizuri na nakala za ratiba. Hawakupewa vipaza sauti. Utaratibu wa kibanda chetu ni kwamba asiyewasha kipaza sauti hatafsiriwi, kwa sababu kibanda kina kioo kizito na sauti ya ukumbini haipenyi isipokuwa kwa waya. Siku moja mwangalizi mmoja alisimama akazungumza kwa dakika tatu hivi, kwa hisia, mkono ukipanda na kushuka. Waliojua lugha yake walimsikia. Nusu nyingine ya ukumbi ilivua vifaa vya masikioni ikavitazama, ikidhani vimeharibika. Kumbukumbu za kikao, ambazo huandikwa kutokana na sauti iliyorekodiwa, hazina hata sentensi moja yake.

Kwa hiyo, Mdadisi, mimi sidhani tatizo ni meno ya azimio. Nadhani tatizo liko kwa anayepanga viti.

Hesabu Haidanganyi

Maelezo ya Mkalimani ni mazito, lakini tusisahau takwimu inayomaliza ubishi. Utafiti uliopitia makubaliano 182 yaliyotiwa saini kati ya mwaka 1989 na 2011 ulionyesha kwamba wanawake wakishiriki, uwezekano wa makubaliano kudumu angalau miaka 15 unaongezeka kwa asilimia 35. Takwimu hii imo katika tathmini kubwa ya utekelezaji wa azimio 1325 iliyoongozwa na Radhika Coomaraswamy mwaka 2015. Serikali yenye akili ingewaita wanawake kwa faida yake yenyewe.

Mtoa Dosari

Hesabu haidanganyi, lakini wenye kuinukuu hupitiwa. Utafiti huo uliwahesabu kwa pamoja wanawake waliokuwa wajumbe, wasuluhishi, mashahidi na watia saini, ilhali nafasi hizo hazina uzito sawa. La pili ni kubwa zaidi. Huenda pande zilizokubali kuwapokea wanawake ni zilezile ambazo tayari zilikuwa zimechoka na vita na ziko tayari kufungua mlango kwa kila mtu. Hapo mwanamke anakuwa dalili ya amani iliyokwisha kuiva, wala siyo aliyeiivisha. Anayemwona mtu na mwavuli asiseme mwavuli ndio ulioleta mvua.

Hesabu Haidanganyi

Mwavuli! Basi eleza Liberia. Wanawake wa Liberia walikuwa na mwavuli gani mwaka 2003 walipoenda Accra, wakaingia kwenye mazungumzo, wakatia saini na kumfanya Leymah Gbowee kuwa rais?

Bi Kumbukumbu

Umechanganya mambo matatu katika sentensi moja, ndugu yangu, na jina lako linakudai zaidi ya hapo. Rais aliyechaguliwa mwaka 2005 alikuwa Ellen Johnson Sirleaf. Gbowee alikuwa kiongozi wa vuguvugu la wanawake wa Kikristo na Kiislamu waliovaa nyeupe na kukaa barabarani wakidai vita viishe. Wote wawili, pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011.

Accra kulikuwa na makundi mawili ya wanawake. La Gbowee halikuwa na kiti. Mazungumzo yalipovuta wiki baada ya wiki huku mabomu yakianguka Monrovia, wanawake hao waliketi sakafuni mlangoni mwa ukumbi, mkono kwa mkono, wakawazuia wajumbe wasitoke mpaka waelewane. Walinzi walipokuja kumkamata Gbowee, alianza kuvua nguo zake hadharani, na wanaume wakarudi nyuma kwa kuiogopa laana. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliwasikiliza. Kundi la pili lilikuwa la mtandao wa wanawake wa nchi za Mto Mano, ambao walikuwamo ukumbini na wakatia saini makubaliano ya tarehe 18 Agosti 2003 wakiwa mashahidi. Kwa takwimu ya asilimia 35, waliohesabiwa ni wale wa ndani. Wale wa sakafuni hawamo katika safu yoyote ya jedwali.

Mtoa Dosari

Nakushukuru, kwa sababu umenipa hoja nisiyokuwa nayo: tunapima kilicho rahisi kupimwa. Lakini haki itendeke. Uko utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018, ambao uliwatazama watia saini peke yao, ukakuta kwamba nguvu yao ilitokana na uhusiano kati ya wanawake waliokuwa ndani na vikundi vya wanawake vilivyokuwa nje. Hiyo naona inakaribia zaidi ukweli kuliko namba ya kubandika kwenye mabango.

Sajini wa Zamani

Nyote mko mezani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa azimio hili, yaani katika kulinda amani, na niliwahi kuvaa kofia ya bluu. Ni mwanamke, ikiwa jina limewapoteza.

Mwaka 1993 wanawake walikuwa asilimia 1 tu ya walinda amani waliovaa sare. Mkakati wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2018 umeweka lengo kwamba kufikia 2028 wawe asilimia 15 ya wanajeshi katika vikosi na asilimia 25 ya waangalizi wa kijeshi na maafisa wa makao makuu. Ni malengo mazuri, lakini Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Huomba, na nchi ndizo zinazochagua nani apande ndege.

Mimi nilipanda. Fulana yangu ya kuzuia risasi ilikuwa imeshonwa kwa kifua cha mwanamume mrefu, kwa hiyo nilipoinama sahani ya chuma ilinigonga kidevuni, na nilipokaa kwenye gari ilinipanda hadi shingoni nikawa siwezi kugeuza kichwa. Kwa miezi ya mwanzo sikutoka kambini hata hivyo. Kamanda wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema ananilinda, akanipanga stoo. Siku niliporuhusiwa kwenda doria, tulikutana na wanawake wanaotoka kutafuta kuni. Wenzangu walipowauliza kama wameona watu wenye silaha, walitikisa vichwa. Nilivua kofia, nikabaki na kitambaa kichwani, nikamsaidia mmoja kujitwisha mzigo upya. Alinieleza bila kunitazama usoni ni njia ipi wasipite tena, na kwa nini. Taarifa ile iliingia kwenye ripoti ya jioni. Mimi nilirudishwa stoo.

Mdadisi wa Mambo

Pole, Sajini, na heshima kwako. Lakini je, ilikuwa lazima awe mwanamke? Askari mwanamume mpole asingepewa taarifa ileile?

Sajini wa Zamani

Huenda. Mpole kati yetu alikuwa mmoja, na siku hiyo alikuwa anaendesha gari. Ninachokataa ni ile dhana kwamba mwanamke akivaa sare basi kazi yote ya kuzungumza na waliobakwa ni yake, hata kama hakufundishwa. Mimi nilifundishwa kulenga shabaha. Tena mwanamke mwenye sare haishii kwenye huruma: Kristin Lund wa Norway alipewa mwaka 2014 kuongoza kikosi kizima cha Umoja wa Mataifa huko Cyprus, akiwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa wadhifa huo. Canada nayo ilianzisha Mpango wa Elsie mwaka 2017 ili kuzisaidia nchi ziondoe vizuizi vya aina hii, kuanzia fulana na vyoo hadi vyeo. Iwapo fulana zimebadilika, anayejua aseme.

Wakili wa Kijiweni

Narudi kwenye meno. Ngumi Jiwe anasema hakuna Sura ya Saba, na ni kweli kwa 1325 lenyewe. Lakini meno ya sheria hayakai mahali pamoja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hati ya mashtaka ya awali haikuwa na shitaka lolote la ubakaji. Mashahidi wanawake walianza kueleza mambo ambayo waendesha mashtaka hawakuwauliza, na katika jopo alikuwapo jaji mmoja mwanamke, Navanethem Pillay, aliyefuatilia maelezo hayo kwa maswali. Hati ilirekebishwa mwaka 1997. Hayo yalitokea kabla ya azimio 1325.

Baadaye azimio 1820 la mwaka 2008 lilitambua kwamba ukatili wa kingono hutumika kama mbinu ya vita, na azimio 1888 la mwaka 2009 likaanzisha ofisi ya mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu. Barani Afrika tunayo Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake, ambayo ni mkataba kamili unaozibana nchi zilizouridhia, na ibara zake za 10 na 11 zinahusu haki ya amani na ulinzi wa wanawake katika vita. Wanaolalamikia azimio laini wangeanza kuuliza kama nchi zao zimeridhia mkataba mgumu.

Ngumi Jiwe

Wakili, umesahau kueleza kwamba meno hayo yanaweza pia kung'olewa. Aprili 2019, azimio 2467 lilipojadiliwa, Marekani ilitishia kura ya turufu mpaka maneno kuhusu huduma za afya ya uzazi kwa waathirika yaondolewe. Yaliondolewa. Likapita kwa kura 13, Urusi na China zikijizuia kupiga kura.

Wakili wa Kijiweni

Sikusahau. Nilikuwa nakusubiri.

Msomaji wa Pembeni

Kwa kawaida nasoma tu na kupita, ila leo nina swali. Kila mtu hapa anachukulia kwamba mwanamke akikaa mezani atasema ya wanawake. Kwa nini? Katika mazungumzo ya Kenya ya mwaka 2008, Martha Karua alikuwa katika timu ya upande mmoja na Sally Kosgei katika timu ya upande wa pili, na kila mmoja alitetea upande wake kama alivyotumwa. Waliotegemewa zaidi kusikiliza vikundi vya wanawake walikuwa upande wa usuluhishi, ambako Graça Machel alikaa pamoja na Kofi Annan na Benjamin Mkapa.

Bi Kumbukumbu

Swali lako ndilo lililokuwa likiulizwa Arusha katika mazungumzo ya Burundi, ila liliulizwa kwa nia mbaya. Vyama vilisema wanawake si chama, kwa hiyo hawana kiti. Wanawake walijibu kwa kuvunja mantiki hiyo: Julai 2000 ukafanyika mkutano wa wanawake wa vyama vyote, kila chama kati ya 19 kikipeleka wawili, wakatoka na madai ya pamoja waliyoyakabidhi kwa Nelson Mandela, aliyekuwa ameupokea usuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere. Mengi yaliingia katika makubaliano ya tarehe 28 Agosti 2000. La kuwatengea wanawake asilimia 30 ya nafasi halikuingia wakati huo, likaja kuonekana katika katiba ya mwaka 2005. Wale walikuwa wanawake wa vyama na wanawake kwa wakati mmoja, na hawakuona ugumu wa kuwa vyote viwili.

Mtoa Dosari

Ireland ya Kaskazini inaonyesha njia nyingine tena. Mwaka 1996 uchaguzi wa kupata wajumbe wa mazungumzo uliwekwa kwa kanuni kwamba vyama kumi vya kwanza, hata kama kura zao ni chache, vinapata viti viwili vya nyongeza. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuingiza vyama vidogo vyenye uhusiano na wenye silaha. Wanawake Wakatoliki na Waprotestanti wakaunda chama katika wiki chache, wakapata takriban asilimia 1 ya kura, na Monica McWilliams na Pearl Sagar wakaingia kwa mlango ambao haukuchongwa kwa ajili yao. Walidumu hadi Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998. Hapakuwa na 1325 wakati ule, wala mfadhili wa semina.

Hesabu Haidanganyi

Kumbe Mtoa Dosari naye huleta mifano inayonisaidia mimi. Niongeze Colombia, na safari hii nimehakiki kila tarehe. Mazungumzo ya Havana kati ya serikali na waasi wa FARC yalipoanza mwaka 2012 ujumbe mkuu wa serikali ulikuwa wa wanaume. Wanawake walifanya mkutano mkuu wao Bogotá mwaka 2013, wakaingizwa wajumbe wanawake, na mwaka 2014 ikaundwa kamati ndogo ya jinsia yenye watu wa pande zote mbili.

Ngumi Jiwe

Na mwisho wake je? Oktoba 2016 wananchi waliyakataa makubaliano yale katika kura ya maoni, na mojawapo ya silaha za waliokuwa wakiyapinga ilikuwa ni hiyohiyo sura ya jinsia. Yalipofanyiwa marekebisho na kutiwa saini tena Novemba, maneno kadhaa ya jinsia yalikuwa yamelainishwa. Kwa hiyo anayedai kwamba ushiriki huimarisha makubaliano aniambie pia ni lini unawapa maadui wa makubaliano pa kushika.

Sajini wa Zamani

Kwa mantiki hiyo, ndugu, hata kipengele cha kuwasamehe wapiganaji kisiwekwe, maana nacho kilichukiwa.

Mdadisi wa Mambo

Nilianza na dai moja na sasa nina matano: hakuna meno, mpangaji wa viti, nchi zinazotoa vikosi, tunahesabu wasiofaa na kuwaacha wanaofaa, na huenda wanawake hupenya pale tu utaratibu unapoteleza, kama Ireland ya Kaskazini. Sijaridhika na hata moja, ila la viti linanikosesha usingizi. Mkalimani Mstaafu, tafadhali, ikiwa kiapo kinaruhusu: yule mwangalizi aliyesimama, katika zile dakika tatu alisema nini?

Mkalimani Mstaafu

Kiapo kingeruhusu, kwa kuwa kikao chenyewe kilikuwa cha wazi. Lakini mimi nilikuwa kibandani, nyuma ya kioo. Niliuona mkono wake tu.